Ndege Iliyochukuliwa Kisogoni

Ukifika Majengo, mjini Songea, ukaulizia fundi wa redio, hutaelekezwa kwa mwingine ila Abdulswamadu. Alitoka Tunduru akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, akaiacha mikorosho ya baba yake, na kwa miaka arobaini iliyofuata aliketi kwenye benchi lile lile akifufua vilivyoharibiwa na wengine: redio, pasi, vipaza sauti vya misikiti na vya makanisa. Katika vyote hivyo, hapakuwa na hata kimoja kilichokuwa chake. Ndiyo maana siku moja alimwambia mkewe, Zulfa, kwamba kabla hajafa anataka kutengeneza kitu kimoja kilichoanzia mikononi mwake.

"Kitu gani?"

"Ndege."

Zulfa alimtazama kidogo, kisha akaendelea kuchambua mchele. "Haya. Ila isile sufuria zangu."

Haikula sufuria, ilikula mwaka na nusu. Mabawa aliyachonga kwa lile povu jeupe gumu linalofungiwa runinga mpya, akayatia nguvu kwa mianzi iliyopasuliwa nyembamba. Mota ya umeme, betri na rimoti viliagizwa Dar es Salaam, vikaja kwa basi. Pangaboi la puani alilichonga mwenyewe kwa ubao. Ncha yake moja ilimegeka, akaiunga kwa gundi na uzi, na tangu hapo kila mota ilipozunguka ulitoka mluzi mwembamba ambao hakupata kuusikia katika chombo kingine.

Ilianguka mara nne. Songea iko juu na hewa yake ni nyepesi, hivyo akarefusha kila bawa kwa shubiri moja. Mkia ulikuwa mzito. Akasogeza betri mbele, akapachika puani vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu ya magari. Na kila mara kabla ya kuirusha aliiinua kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa. Ikilala sawa, itaruka. Ikiinua pua, irudi mezani.

"Unaisomea dua?" Otto alizoea kumuuliza.

"Naisomea ili isiibwe na Mngoni."

Otto alikuwa seremala wa Mshangano na mtani wake kwa miaka thelathini. Yeye ndiye aliyeirusha ndege, kwa kuwa jicho la kushoto la Abdulswamadu lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho na hakuweza kupima umbali. Myao kama Abdulswamadu na Mngoni kama Otto wana haki zao za utani. Mara ngapi Otto aliingia kibandani, akabeba redio mbele ya macho ya mwenyewe na kusema, "Hii naiteka kama babu zangu walivyowateka babu zako. Njoo uikomboe kwa kuku." Abdulswamadu alipeleka kuku, wakamla pamoja. Zaidi ya hayo Otto alikwisha kutoa ahadi: "Siku ukifa, nitavaa miwani yako, niketi penye benchi lako na kuwafokea wateja, mpaka wafiwa wacheke. Hakuna atakayenizuia." Abdulswamadu aliipenda ahadi hiyo kuliko alivyoonyesha.

Mwezi Juni alishikwa na homa, na Otto akaenda peke yake viwanjani Mshangano kuijaribu ndege. Alirudi mikono mitupu.

"Mtani, imepotelea kwenye mikaratusi. Upepo uliishika."

Homa ilipotulia waliitafuta kwa siku tatu. Abdulswamadu, na magoti yake mabovu, alipekua majani kwa fimbo kutoka asubuhi hadi alasiri. Otto alikuwa kando yake akipekua pia. Siku ya tatu Otto alipanda mti, akachungulia kila upande, akashuka akitikisa kichwa.

"Pole, mtani. Mungu atatujalia nyingine."

Abdulswamadu hakuunda nyingine. Alirudi kwenye pasi za watu.

Mwezi Agosti aliitwa parokiani, ambako vipaza sauti vilikuwa vinakoroma. Siku hiyo mdogo wake Otto, aliye padre, alikuwa akiadhimisha jubilei ya miaka ishirini na mitano ya upadre. Abdulswamadu alipiga magoti nyuma ya mashine, akakaza waya huu, akagusa ule. Mshereheshaji akanyakua maikrofoni.

"Waumini, tazameni juu! Hii ni zawadi ya Mzee Otto kwa mdogo wake: ndege aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe!"

Kabla Abdulswamadu hajainua kichwa alisikia mluzi.

Ilikuwa imepakwa rangi ya njano na nyeupe. Chini yake, karibu na mkia, kilining'inia kisanduku kilichojaa maua ya kumwagia umati. Abdulswamadu hakuhitaji jicho zima kuona hatari: pua ilikuwa inapanda, mwendo unapungua. Otto aliviona vile vidole viwili mara mia, akadhani ni mzaha. Na ndege ilikuwa juu ya wanakwaya.

Angeweza kunyamaza. Aliliwaza hilo, wala baadaye hakujidanganya kwamba hakuliwaza. Kisha akamnyang'anya mshereheshaji maikrofoni.

"Otto! Usivute! Sukuma mbele! Tia moto wote! Geuza, elekea shambani. Sasa fungua kisanduku, mwaga!"

Maua yalimwagika juu ya mabua ya mahindi. Mkia ukawa mwepesi, pua ikashuka, ndege ikateleza na kutua kwenye majani, nzima. Mshereheshaji alisema polepole, "Kumbe mzee unaijua."

Abdulswamadu alimrudishia maikrofoni, akaenda shambani. Otto alifika huku akihema, rimoti mkononi.

"Mtani wangu! Ni utani tu. Nimekuteka. Lete kuku."

"Siku ya tatu ulipanda mti, Otto."

Kicheko kikakatika. "Mdogo wangu amesoma mpaka ng'ambo. Mimi ni mtu wa misumari. Nilitaka siku moja tu wanitazame mimi."

"Ungeniomba."

"Ungetaka watu wajue kuwa umeiunda wewe."

"Nimeiunda mimi."

Aliinama, akaiinua ndege kwa vidole viwili. Pua ilipanda. Vile vipande vya risasi havikuwapo. Alikitoa kisanduku mkiani, akamkabidhi Otto.

"Mtani huchukua machoni pa mtu," alisema. "Anayechukua kisogoni ana jina jingine, nawe unalijua. Magoti yangu yananiuma mpaka leo." Aliibana ndege kwapani, kisha akaongeza kwa sauti ile ile: "Na siku nikifa, usije kunitania. Nitamwambia Zulfa asikufungulie."

Otto alichungulia ndani ya kisanduku, ambamo ua moja lilikuwa limenasa.

Huko uwanjani vipaza sauti vilianza kukoroma tena. "Fundi!" mshereheshaji aliita. "Fundi yuko wapi?" Fundi alikuwa amekwisha kufika barabarani, akitembea kwa uangalifu ili bawa lisiguse ua wa mtu.