Kibuyu Alichopewa Furaha

Wewe unayetabasamu kabla sijaanza, futa hilo tabasamu. Huamini kwa sababu hujawahi kupanda kitu kikakukataa.

Nilipokuwa mtoto kule Kasongo, bibi yetu alikuwa na kibuyu cha mbegu za mpunga, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Mbegu hizo alizirithi kwa bibi wa bibi yake, mwanamke aliyeletwa amefungwa kamba shingoni. Waliomteka walijua kula wali. Kuupanda alijua yeye. Baadaye Mubelgiji akatulimisha mpunga kwa fimbo, na monitere wake, msimamizi wa kilimo, akasimama shambani akisema anatufundisha.

Sisi tulipanda kwa kisigino. Mbegu inaviringishwa kwenye tope na majivu. Unatoboa kwa kisigino, unadondosha, unafunika kwa mguu uleule, unasonga. Bibi alisema yule mateka hutembea nyuma ya mpandaji, akilinda mashimo. Ukigeuka, anaionea haya kamba yake, anaondoka.

Ikafika siku ya kuchagua mrithi wa kibuyu. Bibi akatupa mimi na mdogo wangu Furaha kila mmoja mstari wake.

“Musigeuke.”

“Na kama nyoka iko nyuma?” nikauliza.

“Ikuume ukiwa unaangalia mbele.”

Furaha alikwenda kama anacheza ngoma. Nikamsikia bibi nyuma: “Ndiyo, mama yangu, ndiyo hivyo!” Mimi hakuniita mama yake hata siku moja. Nikageuka. Nani asingegeuka?

Mstari wa Furaha uliota wote. Wangu, ndege waliumaliza. Kibuyu kikaenda kwake.

Leo najua kwamba nilipogeuka, mguu uliteleza, mashimo yakabaki wazi. Lakini sioni hilo linampingaje bibi.

Furaha tumemzika. Mjukuu wake, Neema, amenifuata hapa Goma na kibuyu mkononi.

“Koko,” akaniita, kama wajukuu wa huku wanavyomwita bibi, “alisema kirudi kwako.”

Kirudi! Kilikuwa changu lini? Hata kaburini ananishinda: yeye ndiye anayetoa, mimi ninayepokea, tena nikiwa nakaa juu ya mawe ya volkano.

“Koko, utapanda wapi hapa?” Neema akacheka. “Mupunga unajua wivu wa mutu?”

Nilichota majivu kwenye mbabula, jiko langu la makaa, nikavua viatu, nikabeba kibuyu. Nyuma ya choo kuna udongo kidogo. Nikatoka, nikauvuta mlango ukajifunga nyuma yangu, na sikugeuka.