Ua ya mashini ku shavu

Kila binti mwenye alioleka mu familia yetu alitoka na taie mbili za mukono yangu. Taie, ni ile nguo ya kuvalisha muto wa kulalia. Ninaweka maua ku pembe moja, na majani yake, na chini ya maua jina ya binti. Nilianza na mudogo yangu, kisha babinti yangu, kisha bajukuu. Majina yabo nayajua yote, moja kisha ingine, hata muniamushe mu usingizi. Lakini hapa sitaandika hata moja, sababu bengine balisha kubadilisha bwana, na mambo ya muto haipendake kelele.

Iyo kazi nilijifunzia ku Kambove, mu kambi ya bantu ya mugodi, fasi baba yangu alikuwa anatumika. Ku masomo nilifika mwaka ya pili tu. Mama akajifungua, mi nikabakia ku nyumba kubeba mutoto, na kuandika kwangu haikupita pale. Lakini ku foyer, ile nyumba yenye bamama na babinti balikuwa banajifunza kupika na kushona, pale nilienda mupaka siku nilioleka. Monitrice, mwalimu yetu wa kushona, hakuangaliaka ua. Ukimupa kitambaa anaigeuza kwanza, anaangalia mugongo. Akikuta bifundo, ao uzi inaruka-ruka toka jani moja mupaka ingine, anakamata makasi anakata yote, na weye unaanza tena. Alikuwa anasema mbele iko ya bageni, mugongo iko ya mwenye nyumba. Ile sheria ilibakia mu kichwa yangu kuliko hata hesabu.

Sasa macho. Munganga aliangalia akasema utando iko mu macho yote mbili, na hawezi kunipasua mbele ya presha kushuka. Nikitaka kupitisha uzi mu sindano, naona matundu mbili, na zote mbili zinanikimbia. Nikaweka tambour yangu, ile duara ya mbao ya kukaza kitambaa, juu ya kabati. Nikasema basi, nilisha kushona ya kutosha.

Pale mujukuu yangu, mwenye anabeba jina yangu, akakuya kuniambia anaoleka.

Mi niko na bajukuu bengi na nabapenda bote. Lakini mutoto mwenye banamuita sawa weye, anapotoka mikono mitupu, ni sawa weye mwenyewe unatoka mikono mitupu. Mama yake, binti yangu wa pili, aliona namna niliangalia kabati. Akaniambia ku soko iko taie muzuri, na maua, na dantelle ya kupamba pembeni, na hakuna mwenye atauliza nani alishona.

"Mama, nani atajua?"

"Mi nitajua," nikamujibu.

Ku avenue yetu, hapa Katuba, iko mama moja wa Nord-Kivu. Bwana yake analetaka kitambaa na kamyo, yeye alifungua atelier ya broderi, nyumba ya kushona maua ku kitambaa: mashini moja na ordinateur moja, ile kompyuta, na nje balichora maua ku mulango. Anashonaka alama ya masomo ku mashati ya batoto, na foulard za kichwa za bamama ba kanisa. Siku niliingia, alizania nakuya kuagiza foulard. Akanipatia kiti, akaniuliza, na ile heshima yabo ya kusema na muntu moja sawa ni bantu bengi, nataka anishonee nini.

Nikamwambia hapana kunishonea, nataka kujifunza.

Hakucheka. Aliangalia macho yangu, akaangalia fimbo yangu, kisha akageuza ordinateur ngambo yangu. Akafungua ua moja, akabonyeza, ua ikapanuka, akabonyeza tena, mupaka petali moja ikakuwa mukubwa sawa sahani ya bukari, ule ugali yetu. Nikaona kila uzi. Kwa miaka sikukuwa nimeona uzi vile. Pale nikajua naweza.

Mi nilizania mashini inaona. Kumbe haionake kitu. Haijue kama ile ni ua, haijue kama ni ngombe. Inaendaka tu fasi unaituma, tundu kwa tundu. Ni weye unachora njia ku ordinateur: anzia hapa, pita hapa, geukia hapa, tokea hapa. Ile kuchora njia banaita kudigitaliser, na njo kazi yenyewe. Mashini inafwata tu. Njia nilichora mi mwenyewe. Lakini ile souris ya kushika na mukono ilinisumbua. Nikiisukuma kidogo, inakimbia mupaka mwisho ya ordinateur. Jani yangu ya kwanza ilitoka nyembamba, na mukia.

"Kambo, hii ni jani ao ni sambaza?" mama wa atelier akaniuliza; kambo, njo nyanya.

"Sambaza ni samaki ya kwenu," nikamwambia. "Hapa tunaitaka kapenta. Na hii ni jani."

Babinti bengine benye balikuwa banajifunza pale bakacheka mupaka bakaacha kazi. Kutoka ile siku balinipokeaka na kuniuliza kama samaki zilisha kukauka. Nami nilibaambia bangoje kidogo, bukari haijaiva.

Namna siku zilipita, jani zikakuwa jani. Lakini kulikuwa na kitu moja tulipigana nayo. Mbele ya mashini kufunika petali, ordinateur inaweka kwanza uzi ingine chini, inapita-pita mulemule ndani, kisha njo inafunika. Mama wa atelier anaiitaka sous-couche, uzi ya chini. Nikageuza kitambaa ya kujaribia nikaangalia mugongo. Ilikuwa nzito, nyeupe, inavurugika. Nikaona mu kichwa monitrice anakamata makasi. Nikauliza uzi yenye hakuna muntu ataiona ni ya nini. Akanieleza pole-pole kwamba inashikilia kitambaa isivutike. Nikamwambia kitambaa inashikiliwa na mukono, na mi nilishona maua mbele mama yake azaliwe. Nikamuomba aitoe.

Aliitoa. Kwabo pia mukubwa akisema, mudogo ananyamaza.

Ku ordinateur ua ilibakia muzuri vilevile, hakuna kitu kilibadilika. Njo sababu sikutaka hata kujaribia. Nikapana kitambaa yenyewe, ile pamba nyeupe nilinunua kwa ajili ya mujukuu. Tukaikaza mu cadre, ile tambour ya mashini, tukaweka karatasi yake chini, mashini ikaanza. Mi nilikuwa nakaa pembeni nasikiliza, sawa muntu mwenye anapikiwa.

Ilipoisha akatoa kitambaa, akanipatia. Sikuhitaji macho. Nilipitisha kidole nikasikia. Kitambaa ilijikunja yote pembeni ya maua, sawa uso wa muzee mwenye analia. Petali zilivutika zikaachana na kikonyo, na katikati kulibakia nafasi nyeupe. Nikaigeuza. Mugongo ilikuwa safi kabisa. Mbele ilikuwa takataka.

Kitambaa ilibakia ya kukata taie mbili tu, na ndoa ilikuwa inakuya juma yenye kufwata. Nilirudi ku nyumba na ile iliharibika mu mufuko. Binti yangu akaiona. Hakusema soko. Alisema tu bukari iko tayari, na ile ilinichoma kuliko kama angesema soko.

Kesho yake nilienda kumuaga mama wa atelier. Nilitaka kumwambia aksanti na kuachia babengine kiti. Yeye akaniambia nikae kwanza. Akaniuliza, wakati nilikuwa nashona na mukono, petali moja nilikuwa naifanya namna gani.

Nikamwambia ile haisemwake. Inafanywaka.

"Basi mufanye, Kambo."

"Na macho gani?"

"Mufunge macho. Mushone tu."

Akanipatia mu mukono ya kushoto cadre yenye haina kitambaa. Nikafunga macho. Mara ya kwanza nilisikia haya mbele ya babinti, sawa muntu mwenye anacheza ngoma bila ngoma. Kisha mukono ikaenda. Inaingia, inatoka, inavuta. Niliona ile ua mu kichwa, ile ya mudogo yangu, ya kwanza kabisa. Sikujua nilikaa vile wakati gani. Nikasikia anashika mukono yangu.

"Hapa munafanya nini?"

Nikafungua macho. Mukono yangu ilikuwa inaenda kwa urefu ya petali, hatua ndefu-ndefu, toka chini kwenda ku ncha. Haikukuwa imeanza kufunika. Kufunika inapitaka kwa upana.

"Najaza," nikasema. "Najaza ndani kwanza, kisha nafunika." Na neno ya monitrice ikatoka mu kinywa yangu, neno yenye sikuitamuka toka ku foyer: bourrage.

Akaniangalia. Alikuwa anajikaza asicheke.

"Njo sous-couche ile, Kambo."

Mi nilibakia na mukono mu hewa. Babinti banangoja kuona kama nitakasirika. Nilitaka kukasirika, lakini sikukuwa na muntu wa kukasirikia. Maua yote nilishona, ya babinti bote, chini iko na uzi yenye hakuna muntu aliiona, na mi mwenyewe niliisahau. Kazi ikikaa sana mu mukono, kichwa inaiacha. Nikacheka, na yeye akaacha kujikaza.

Ile siku tulichora ua upya. Nilishika souris mi mwenyewe. Njia ya kwanza kwa urefu, sawa mukono yangu. Ya pili kwa upana, inalala kidogo, toka moyo ya ua kwenda inje. Petali moja ikiisha, nilipitisha njia chini ya petali yenye itafwata, uzi isiruke. Ile alikubali. Lakini uzi nyeupe ya mugongo, ile mashini inavutaka toka chini, alisema haiwezi kutoka, mashini yote iko vile, nami nikaiacha. Jina nilichagua herufi zenye kusimama, bila mapambo. Ni neno moja nayoandikaka bila kuuliza muntu, na ni ya sisi bawili.

Mara hii tulijaribia kwanza ku kipande ya zamani. Kisha njo tukaweka taie. Courant ya umeme ikakatika katikati ya jina, tukangoja mupaka ikarudia, mashini ikaendelea fasi iliachia sawa hakuna kitu. Kitambaa ililala sawa. Nilipitisha kidole mara nyingi.

Siku ya kupana bintu bya ndoa, tantine, ule shangazi ya bwana, alikamata taie moja akaigeuza. Nilijua ataigeuza. Akaangalia ule uzi nyeupe, akairudisha juu ya ingine. Mujukuu yangu alizibeba mwenyewe mu mikono, hakuachia muntu. Kwangu ile ilitosha.

Kisha ya ndoa, mujukuu alinipigia telefone. Tukasalimiana, nikauliza bwana, nikauliza bakwe. Akasema bote bazima.

"Kambo, ile ua inanikwaruza shavu."

"Shavu?"

"Ni ngumu sana. Asubui bwana yangu anasema jina yetu inaandikwa ku uso yangu, kinyume."

Nikamuuliza kwa nini analalia zile taie.

"Kambo, si ni taie? Nilalie nini?"

Nilipokata telefone, nikaanza kupigia bengine, moja kwa moja namna nabakumbuka, nabauliza kama bao pia maua inabakwaruza. Mudogo yangu alisema zake ziko mu valize toka siku ya ndoa, na dawa ya mende. Binti yangu wa kwanza anatoleaka zake bageni. Mujukuu moja alisema alizifunga mu sachet juu ya kabati, anaogopa kuzichafua. Hata moja hakuwa analalia. Balishangaa hata kwa nini nauliza.

Nikakamata fimbo nikarudia ku atelier. Nikamwambia mama wa atelier points za uzi ziko karibu-karibu sana, ile ni ya alama ya masomo, haiko ya kulalia. Tukafungua ile ua, tukaongeza nafasi kati ya uzi na uzi, kidogo. Akashona ya kujaribia moja, akakata karatasi, akanipatia.

Nikaiweka ku shavu yangu, nikaegemea ukuta, nikafunga macho. Babinti banapita na kazi yabo. Nilikaa vile mupaka ngozi ikajua.

Nikamwambia apunguze uzi tena.