Haragwe Jeusi la Kasongo

Mwanangu, umesema kule chuo mumeanzisha udugu wa wanafunzi, na mwanzilishi ni weye. Vizuri. Basi kaa hapa. Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, na mpaka leo naona haya.

Miaka ile ya hamsini, Kalemie ikiitwa Albertville, nilikuwa bweni, shule ya mapadri. Udugu wetu niliuanza mimi, usisahau hilo! Tulikuwa watatu, tukila bukari, yaani ugali, sahani moja, tukaapa asiyepata barua ya nyumbani tumusomee ya kwetu. Mwaka haujaisha tukawa kumi na wanane. Sheria nilitunga mimi: mutu akiomba kuingia, kila mumoja anatia haragwe ndani ya chungu, jeupe ndiyo, jeusi hapana. Jeusi moja tu linamukatalia, na ni marufuku kuuliza nani kalitia.

Lakini kuchagua mukubwa wetu, wakamuchagua Kasongo, mutu wa Nyunzu. Wee! Wivu uliniunguza roho. Hata kicheko chake kilinikera.

Kasongo akamuleta Ilunga wa Manono aombe kuingia, mupole, mugeni, hana mutu wa kwao shuleni. Ilunga sikuwa na neno naye. Nilimutilia jeusi ili Kasongo aaibike.

Wiki ile ile Ilunga akafunga sanduku. "Kama hata nyinyi hamunitaki, nabakia na nani?" Kasongo akamusindikiza kwenye treni, nami nikafuata nyuma. Pale steshoni nilitaka kumuambia: ni mimi, rudi. Treni ikapiga firimbi, nikanyamaza, ikaenda. Sikumuona tena.

Kasongo hakunitazama. "Niliona mukono wako," akasema.

"Eh! Na hukusema?"

"Sheria ulitunga weye. Twende tukale, bukari inapoa."

Tukala sahani moja, siku ile na miaka miwili iliyofuata. Hakunitaja kwa mutu. Afadhali angenipiga!

Wivu utakuja, mwanangu, sikudanganyi. Hata na mvi hizi bado unanitembelea. Ukija, umuendee yule unayemuonea wivu, umuambie kwa kinywa chako. Usimuumize kupitia mutu mwingine. Na ukishakosa, sema treni ikingali imesimama.

Mungu akupe ndugu kama Kasongo, na akufungue kinywa mapema kuliko mimi.