Maziwa ya Ng'ombe Mwenye Ndama Dume

Mama mdogo Sudesh hajui kukaa kitako. Hata akikaa kumenya viazi, goti moja linacheza chini ya sketi, na macho yako mlangoni. Akimaliza viazi anafagia ua ambao umeshafagiwa. Akimaliza kufagia anakwenda kukanda mavi ya ng'ombe na kuyabandika ukutani yakauke yawe kuni, kisha anarudi kuwatazama wanawe kama bado wapo pale alipowaacha. Bibi anasema huyu mkwe ana siafu miguuni.

Yeye ni mke wa baba mdogo Jagbir. Tunaishi ua mmoja, jiko letu huku, jiko lao kule, katikati kuna ukuta mfupi ambao hata mimi nikisimama naona wanachopika. Ana watoto wawili, Komal na Anju, wote wa kike. Anju alipozaliwa, damu haikukata. Baba mdogo alimpakia kwenye tela la trekta, juu ya majani ya ngano, akampeleka mjini asubuhi ya ukungu ambao hata pembe za fahali wa jirani huzioni. Mama alipanda naye, akamshika kichwa. Mama mdogo alirudi baada ya siku nyingi, rangi imemtoka kama unga, na nesi wa zahanati akaja nyumbani kusema wazi mbele ya bibi: huyu asizae tena, wa tatu atamwua.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, na nesi alipoondoka akasema msichana yule hata mume hana, uzazi ataujulia wapi.

Anju alipoacha kunyonya, maneno yakaanza. Hayakuanza kwa ugomvi. Bibi alikuwa akivuta kiko chake cha maji kitandani uani, anasema tu, kama anayezungumzia hali ya hewa: mmoja tu, wa kiume, kisha funga duka. Wanawake wa mtaani wakija kuomba moto au chachu ya mtindi, nao wanauliza. Baba mdogo anasikia hayo yote. Anakula, ananawa, anakwenda kulala kwenye banda la wanaume.

Nilimsikia mama mdogo akimwambia mama yangu walipokuwa wakibandika mavi ukutani. Alikuwa amepiga hesabu zake. Alisema akikataa, watamwandama mpaka nywele ziwe nyeupe. Akikubali na akapata wa kike, wataanza upya. Basi kama ni lazima alale tena pale ambapo nusura asiinuke, iwe mara moja, na awe mvulana, na aachwe apumzike.

"Dada, niambie ulikula nini," akamwambia mama. "Niambie vyote, usinifiche hata kimoja."

Mama yangu ndiye ushahidi wa kijiji. Alikula chakula cha kuleta mvulana, akampata Monu, mdogo wangu. Watu hawapendi kukumbuka kwamba kabla ya Monu alikula chakula hicho hicho akanizaa mimi, msichana wa tatu, nikapewa jina Bhateri, yaani wametosha. Bibi ana jibu la hilo. Anasema mara ile mama alilamba achari ya embe kwa siri. Mama anasema hakulamba. Mpaka leo hawajamaliza.

Dawa yenyewe inatoka kwa Kastoori, mkunga wa zamani wa kijiji cha pili, lakini masharti kila mwanamke anayajua. Mwanamke aanze kabla hajashika mimba. Mtindi asiguse, maziwa ya mgando yaliyopigwa asinywe, ndimu, ukwaju, achari, vyote marufuku, maana uchachu na ubaridi huita wasichana. Ale vitu vya joto: sukari guru, tangawizi, ufuta, tende kavu, viazi vyenye chumvi nyingi. Na kila asubuhi, kabla jua halijatoka, ageukie mashariki ameze mbegu za Kastoori kwa glasi ya maziwa. Maziwa yenyewe si ya nyati wa kufugwa, na si ya ng'ombe yeyote. Ni ya ng'ombe aliyezaa ndama dume, rangi moja na mama yake, na ndama awe hai.

Hapo ndipo tabu ilipoanza, kwa sababu ndama dume kwetu hayupo. Anazaliwa, lakini hakai. Zamani alikuwa analima. Siku hizi trekta zinalima, kumchinja ng'ombe kwetu ni mwiko, naye anakunywa maziwa bure, kwa hiyo akishapata nguvu ya kutembea mtu anamswaga alfajiri mpaka barabara kuu anamwacha huko. Ndama jike ndiye anayefungiwa kengele shingoni. Mama mdogo alizunguka kijiji kizima na chombo chake chini ya mtandio, nyumba kwa nyumba, akiuliza nani ana ndama dume. Wakamcheka. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alimwambia, "Mkwe wetu, nenda kawaulize barabarani, wote wako huko."

Alirudi anacheka na yeye, lakini mikono haikutulia. Alimwambia mama kwamba amegundua jambo: zizini watu wanaomba majike, chumbani wanaomba madume, na pande zote mbili anayekosea anatupwa. Mama akamwambia anyamaze, bibi asije akasikia.

Majira ya baridi yalipoingia, ng'ombe wetu mwekundu alizaa. Dume, jekundu tupu, doa jeupe hana. Bibi aligawa sukari guru mtaa mzima kana kwamba amezaliwa mjukuu. Yule ndama alishonewa koti la gunia. Alilala na moto karibu. Watoto wakikimbia karibu naye wanafukuzwa.

Mama mdogo alianza siku iliyofuata maziwa ya kwanza yalipokwisha, na mimi sijawahi kuona mtu anayefuata masharti vile. Bibi alisema aache mtindi, yeye aliacha hata kuosha chungu cha mtindi, akamwachia mama. Mboga za haradali zilikuwa zimejaa shambani, sisi tunazila na mkate wa uwele na samli, yeye anakula viazi na chumvi, ukutani kwao, amegeuka upande mwingine. Midomo ikampasuka. Akisimama ghafla anashika nguzo. Komal akimpa kipande cha chungwa alikuwa anairuka ile harufu kama cheche.

Nesi alipita akamwona alivyo. Akamwambia bibi kwamba mvulana au msichana hutoka kwa mwanamume, chakula cha mama hakina habari.

Bibi akatoa kiko mdomoni. "Mbegu ya mwanangu haina kasoro, binti. Tunachotia mbolea ni shamba."

Wanawake waliokuwa uani walicheka mpaka nesi naye akaangalia chini. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa akimtazama nesi kama mtu anayesubiri basi akaliona linapita bila kusimama.

Sasa, ndama ili awe hai lazima anyonye, na hapo akili za nyumba nzima zilipinda. Bibi alitaka glasi ya mama mdogo ijae, tena ya maziwa mazito. Maziwa mengine yalikwenda kwa mchukuzi wa maziwa kama kawaida, hakuna aliyefikiria kumkatalia. Ndama aliachiwa kunyonya kidogo tu ili ng'ombe ashushe maziwa, kisha anavutwa pembeni na kamba. Anabaki anapiga kwato. Mimi ndiye niliyekuwa nashika ile kamba. Nilimwambia bibi mbavu zinaonekana. Alinijibu kwamba dume ni lazima awe mkavu, na kwamba koti ninalomwona nalo mimi mwenyewe sikuvalishwa.

Mama mdogo aliziona mbavu kuliko mimi. Alianza kunywa nusu ya glasi na kurudisha nusu zizini chini ya mtandio, anamnywesha ndama kwa kidole. Kisha anaogopa kwamba nusu haitoshi kuleta mvulana, siku ya pili anakunywa yote, kisha anakosa raha mchana kutwa, anakwenda zizini, anarudi, anakwenda tena. Alisema na ndama kwa sauti ya chini. Sikusikia anachosema.

Ukungu ulikaa wiki nzima bila jua. Ndama akaharisha, akaacha kusimama, na asubuhi moja koti la gunia lilikuwa palepale na ndani hapana kitu kinachopumua.

Mama mdogo alikaa chini. Alikaa kweli, mgongo ukutani, miguu imenyooka, mikono imelala. Ilinitisha kuliko kama angelia. Kila mtu alijua maana yake: masharti yamevunjika, itabidi kusubiri ng'ombe mwingine, msimu mwingine, na kula viazi upya tangu mwanzo.

Lakini bibi hakuwa amemaliza. Ng'ombe akifiwa na ndama anakataa kushusha maziwa, na dawa yake kila mtu kwetu anaijua. Aliitwa fundi wa ngozi. Alimchuna yule ndama, akaijaza ngozi majani makavu ya ngano, akashona tumbo, akachomeka vijiti iwe miguu. Jioni alisimamishwa mbele ya mama yake. Ng'ombe alinusa, akaanza kulamba ile ngozi, shingoni, masikioni, taratibu, na maziwa yakashuka.

Bibi akapata wazo. Akamtuma baba yangu kwa pikipiki kwenda kwa Kastoori kuuliza kama dume huyu bado anahesabika. Jibu lilirudi upesi: madhali ngozi ni yake mwenyewe na mama yake anamkubali, anahesabika.

Kesho yake asubuhi tulikuwa wote zizini, maana kila mtu alitaka kuona. Bibi alikuwa ameshika glasi, mvuke unatoka. Baba mdogo alikuwa ameegemea mlango. Baba yangu alikuwepo pia, na kwa sababu ni kaka mkubwa wa mumewe, mama mdogo alikuwa amejifunika mtandio mpaka kifuani. Toka aolewe hajawahi kutoa neno baba yangu akiwa karibu. Hata akitaka kumwambia ng'ombe wake amefunguka kamba, humtuma mtoto.

Bibi akamwambia ageukie mashariki.

Hakugeuka. Alikuwa ametazama lile ndama la majani. Ng'ombe alikuwa anamlamba, na ulimi ulikuwa umeanza kumtoa manyoya begani.

"Mama," alisema. "Nikifa mimi, Komal na Anju mtawafanyia hivi?"

Bibi alimwuliza ni maneno gani hayo ya asubuhi.

"Nauliza tu. Mtaijaza ngozi yangu majani, mniweke jikoni, wanilambe?" Sauti ilikuwa inatoka chini ya mtandio, haikupanda, na haikuwa ya bibi peke yake, maana alikuwa amegeuka upande wa mlango. "Baba Komal, wewe ulikuwa unaendesha trekta. Ulisikia tela linavyodondosha matone ya damu nyuma yako. Sema wewe. Mimi nikinywa hii, nainuka au siinuki?"

Baba yangu akatoka nje, kwa aibu. Baba mdogo alibaki. Aliangalia glasi, akaangalia ng'ombe. Bibi akaanza kusema kwamba haya ndiyo matokeo ya kumsikiliza nesi, na baba mdogo akasema, polepole, "Mama, weka hiyo glasi chini."

Basi. Aliondoka akaenda shambani bila chai. Mama mdogo naye akaenda jikoni kwetu, akapita ukuta mfupi, akafunua chungu cha mama na kula mtindi kwa mkono, amesimama, huku mama anamwambia ale polepole, tumbo litashtuka.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Bibi alijitengea mkate wake, hakupokea chakula kutoka kwa mkwe wake. Baba mdogo alikuwa anakuja usiku na kuondoka kabla ya chai. Mama mdogo alikuwa anasikiliza kila pikipiki inayopita. Alimwambia mama kwamba akifukuzwa, atakwenda kwa kaka zake na watoto wote wawili, na mama akamwuliza kaka zake watamweka wapi, naye akasema hajui, akaendelea kupanga nguo za watoto kwenye mfuko, anazitoa, anazipanga tena.

Kisha asubuhi moja baba mdogo alisimamisha pikipiki mlangoni bila kuizima. Alimwambia mama yangu abaki na watoto. Alimwambia mkewe achukue shuka, wanakwenda zahanati, amezungumza na nesi, watamfunga kizazi leo. Aliyasema akiwa ameangalia tangi la mafuta. Mama mdogo alikuwa na unga mikononi. Hakunawa. Alipanda hivyo hivyo.

Walirudi jioni, yeye amekaa upande mmoja wa pikipiki, anaumwa, ameshika bega la mumewe. Bibi alikuwa kitandani uani. Alielewa kabla hawajasema. Alijipiga paji la uso, akalia kwamba jina la mwanawe limezimwa, akalia mpaka majirani wakaanza kuja kuona nani amekufa.

Walipojaa mlangoni, akajifuta uso. Sijui lilimwingia nini, nadhani aibu. Akawaambia mkwe wake ameshikwa na homa, baridi hii, lakini anaendelea na dawa za Kastoori vizuri tu. Na kwa kuwa ameshasema homa, ikabidi apike vitu vya mgonjwa wa homa, akamletea mwenyewe bakuli la dengu laini, akaliweka karibu na mto kwa kishindo.

Mpaka leo wanawake wanapita kuuliza kama kuna habari. Mmoja ameleta tende. Mwingine anasema ng'ombe wa shemeji yake amezaa dume, bado hawajamtupa, tuwahi. Bibi anawajibu, bado, bado, Mungu akipenda. Mama mdogo anawasikia kutoka ndani. Juzi mchana niliingia kumchukua Anju, wanawake wakiwa bado wanazungumza uani, nikamkuta amejinyoosha kitandani. Alinitazama, akageukia ukutani, akalala.