Visahani visafi vya mezani kwangu

Mwangaluka marafiki. Leo msinisalimie kwa karibu.

Mnajua nafanya kazi maabara ya mifugo hapa Bariadi. Tuna visahani vyenye vipande vya koo la kifaranga, bado viko hai. Ukichungulia kwa darubini unaona vinyweleo vinapepea kama mpunga, vinafagia uchafu.

Nusu ya visahani tunatia mikoplasma, bakteria wa mapafu. Siku chache tu vinyweleo vinalegea, vinasimama, halafu nyama yenyewe inachunika na kuwa makamasi. Hiyo nimeshazoea.

Leo nafungua visahani visafi, vile ambavyo hatukuvitia kitu.

Makamasi matupu. Yanavutika kama mlenda.

Nikamwakia Masanja, mwenzangu wa meza ya pili, kwamba amevigusa kwa bomba lenye bakteria. Nimefoka weee.

Dada Ng'wasi, mkubwa wetu, akaja kuangalia. "Visafi vya Masanja vizima. Vilivyokufa ni vya meza yako tu."

Kisha akanitazama usoni. Barakoa iko kidevuni, kama kila siku ninapoimba nyimbo za kwaya huku nafanya kazi. Na hiki kikohozi changu kina wiki ya tatu.

"Mdogo wangu, hata sasa hivi unavinyunyizia mate. Nenda kapime."

Jamani, kinyaa. Kila nikimeza mate nauona ule mlenda, ila safari hii uko kooni kwangu.

Ninyi mnaosimama mbele yangu kwenye kwaya, jana tumeimba jioni nzima.

Mnaendeleaje?