Mtu wa Mlangoni

Binti yangu alitutangazia kwamba anaenda jeshini siku ya Jumapili, tumetoka kanisani, mdomo wake umejaa chapati. Hakuomba ruhusa. Alisema tu, vile mtu husema maji imeisha kwa tangi. Usajili wa makurutu ulikuwa Kajiado mwezi uliofuata, na yeye alikuwa amemaliza shule, meno yote iko, miguu haina kasoro, basi, kumebaki nini?

"Na sitaki ile ya kukaa ofisi, Mathe," akaniambia. "Nataka ya helikopta. Nikae pale mlangoni na rashasha."

Ai! Mimi nikamgeukia baba yangu, kwa sababu wa kulaumiwa alikuwa yeye. Kabla ya kustaafu na kununua ploti hapa Kitengela, siku zile punda milia walikuwa wanapita mahali sasa kuna supamaketi, baba alikuwa mwanajeshi. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kukaa kwa mlango wa helikopta ulio wazi, mkanda umemfunga kiunoni, mikono iko kwa bunduki ya rashasha iliyofungwa kwenye chuma. Sikio lake la kushoto lilikufa huko, na ndiyo sababu kwetu tunaongea kwa sauti ya watu wa mnada. Watoto wengine hulelewa na hadithi za sungura na fisi. Wangu alilelewa na hadithi za bunduki.

Siku hiyo baba alitabasamu tu, akaendelea kupuliza chai yake.

Mimi nilitaka mtoto akae. Sina mwingine. Nina duka la kushona sare za shule kando ya barabara ya Namanga, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshampangia cherehani yake karibu na yangu. Lakini ukinisikiliza mimi na ukimsikiliza babu yake, Guka, katika nyumba yetu unamsikiliza Guka. Akisema usiende, msichana haendi. Kwa hivyo kesho yake baba alipokuja dukani kuota jua nikamwambia, "Baba, ongea na huyu mtoto."

"Nitaongea," akasema.

Akaongea! Haki ya Mungu, aliongea. Nilimtuma azime moto, akaumwagia mafuta ya taa.

Alivuta stuli karibu na cherehani yangu ya stima, akamwita msichana, akaanza kufundisha. "Ona hii ya mamako," akasema. "Akikanyaga bila kuachilia, nini inatokea?" Msichana akajibu uzi unakatika na sindano inachomeka. "Basi rashasha ni hivyo hivyo. Unashona kidogo, unaachilia. Unashona kidogo, unaachilia. Ukikwama hapo kama mtu amelala kwa honi, mtutu unakuwa mwekundu kama jiko la makaa, unaanza kupinda, na sasa risasi zinaenda kutembea zinakotaka."

Risasi zenyewe, akaeleza, haziingizwi moja moja. Zimefungwa kwa mkanda mrefu wa chuma unaovutwa na bunduki yenyewe, na kila baada ya chache kuna moja inayowaka ikienda, ili mpigaji aone anakopeleka. Mtu wa mlangoni haangalii shabaha kwa jicho moja kama mwindaji. Anaongoza mstari wa moto, vile unaongoza mpira wa maji ukimwagilia sukuma wiki. Na kwa vile ndege inakimbia, risasi inabeba mbio ya ndege. Ukilenga mti wenyewe utapiga mbele ya mti. Unalenga nyuma yake.

"Na zile za juu ya magari ya deraya?" msichana akauliza.

"Hizo ni nzito zaidi, lakini rahisi. Gari linasimama. Angani hakuna kitu kinasimama."

Siku nyingine akatueleza kuhusu zile zenye mitutu sita inayozungushwa na mota, moja ikipiga zingine zinapoa. Alisema huwezi kusikia risasi hata moja. Unasikia kitu kama turubai refu linararuliwa.

Sasa niseme ukweli, nilikuwa nimeweka mkasi chini. Nilikuwa adui wa hayo mambo, lakini masikio yangu hayakuwa yamepewa habari. Aliposema kwamba maganda ya risasi hudakwa na mfuko uliofungwa ubavuni mwa bunduki, ili yasipeperuke yakagonga panga linalozunguka mkiani mwa helikopta, mimi mwenyewe ndiye niliyepaza sauti. "Mfuko wa kitambaa gani? Si maganda ni moto?"

"Turubai nzito."

"Imeshonwa mara moja ama mara mbili?"

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Ona mamako! Huyu ndiye wa kwenda Kajiado."

Lakini kuna jambo nilianza kuliona. Hadithi zote za baba zilikuwa za bunduki. Helikopta ingepaa, mlango ungefunguliwa, upepo ungempiga usoni, mkanda wa risasi ungeingia mahali pake, na hadithi ingeishia hapo. Msichana akiuliza, "Guka, na mlikuwa mnapiga nini?" yeye alijibu mapipa. Mapipa matupu yaliyopakwa rangi nyeupe, kwenye uwanja wa mazoezi. Kila mara mapipa. Nikajiambia, huyu mzee hakupata sikio la kiziwi kwa sababu ya mapipa peke yake. Nikawa na hamu ya kujua, na hamu hiyo ilinisumbua kama jiwe ndani ya kiatu.

Wiki moja kabla ya usajili baba akasema lazima tule mbuzi na tuombe, mtoto achukuliwe asichukuliwe. Kuna mama mmoja wa Kimaasai kule Oltepesi ambaye familia yetu hununua mbuzi kwake tangu marehemu mama yangu akiwa hai. Tukapanda pikapu yangu, sote watatu mbele. Kona Baridi tulifunga vioo na msichana akavaa sweta ya Guka. Tulipofika chini Oltepesi sote tulikuwa tunajipepea na vitambaa.

"Supa!" yule mama akatusalimia kutoka mbali.

"Ipa!" baba akajibu, maana Kimaa chake kinaishia hapo.

Tulikuwa katikati ya mbuzi, mimi nashika mmoja mgongoni kuona kama ana nyama, wakati tuliisikia. Baba hakuisikia kwa sikio, aliisikia kwa miguu, nadhani, kwa sababu aliinua kichwa kabla yetu. Helikopta ya jeshi, inakuja chini chini kutoka upande wa Magadi. Mlango ulikuwa wazi.

Msichana aliruka juu ya pikapu. "Guka, cheki! Kuna mtu! Kuna mtu mlangoni!" Akapunga mikono yote miwili, anaruka, nusura anivunjie gari. Na yule mtu wa mlangoni, sijui kama alituona, lakini tulimwona, kofia kubwa ya duara na buti moja imetangulia nje. Vumbi likatupiga. Mbuzi wakatawanyika kila upande, na yule mama, mtu mzima mwenye magoti mabaya, akawakimbilia akiwa ameinama, akatokomea nao ndani ya kichaka cha miiba. Kisha helikopta ikapita, ikawa nukta, ikaisha.

Mama akatoka kichakani akijipangusa, anacheka, amemshika mbuzi mmoja sikio.

Baba hakuwa anacheka. Alimuuliza kwa ile sauti yake ya mnada, "Mama, mkiona hiyo kitu, mnafanyanga hivyo? Mnaingia kwa kichaka?"

"Sasa tufanye nini?" mama akasema. "Mbuzi ikishtuka inaingia kwa miti. Hauwezi wacha mbuzi iende peke yake, itapotea. Unaingia na yeye."

"Na watu wengine? Kule kwingine?"

"Mzee, mtu yeyote ako na mbuzi ataingia na mbuzi."

Baba alitafuta mahali pa kuketi. Hakupata, akakaa chini kwenye mchanga na suruali yake ya kanisa. Nilidhani ni moyo. Nilikimbia na chupa ya maji nikimwita, naye akanisukuma mkono polepole, akamwambia msichana ashuke aje karibu.

"Nilikwambia mapipa," akasema. "Haikuwa mapipa peke yake."

Akatueleza. Hakutaja mahali wala mwaka, na sikuuliza. Walikuwa wamepigwa risasi kutoka kwenye kilima fulani, risasi moja ikapita kwa mlango hapo hapo alipokaa. Wakazunguka kurudi. Chini akaona kitu kinakimbia kimeinama, kikaingia kichakani. "Na sisi tulikuwa tunaambiana hivi: mtu hana hatia husimama, anapunga mkono. Mwenye hatia hukimbia kwa kichaka. Kwa hivyo nilishona kile kichaka. Nilikishona mwanzo mpaka mwisho, na sikuachilia."

Msichana alikuwa amekaa chini pia, ameshika vidole vya miguu yake.

"Rubani haoni chini," baba akaendelea. "Mtu wa mlangoni ndiye macho yake. Akaniuliza kwa redio, kuna nini hapo? Nikaona kitambaa. Rangi sikumbuki. Nikamwambia, hakuna kitu, twende. Tukaenda. Hatukushuka." Akamwangalia yule mama na mbuzi wake. "Miaka hii yote nimelala usingizi kwa sababu yule alikimbia. Nikasema, angekuwa mzuri hangekimbia."

Mimi nilikuwa nalia, na nina aibu kusema kwamba ndani ya kilio hicho kulikuwa na nafuu. Nilisema moyoni, sasa imeisha. Sasa mtoto wangu haendi popote. Nilimshika bega nikamwambia, "Umesikia Guka wako?"

"Nimesikia, Mathe."

"Basi."

"Basi nini?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Hata nisipoenda, si mtu mwingine atakaa hapo? Yeye ataambiwa anayekimbia ana hatia, ataamini. Mimi sitaamini. Nimeona huyu Mama wa mbuzi akiingia kwa kichaka. Mimi nikiulizwa kuna nini, nitasema kuna mtu ako na mbuzi."

Nilikasirika, wee! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia jeshi si mahali pa mtoto kujibu wakubwa, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamgeukia baba anisaidie, maana hii ndiyo ilikuwa saa yenyewe, neno lake moja tu lingetosha.

Baba alinyoosha mkono, msichana akamwinua. Akajipangusa mchanga. "Mpeleke Kajiado wewe mwenyewe," akaniambia. "Mimi nikimpeleka, nitamrudisha njiani."

Nilimpeleka. Tangu Kitengela hadi Isinya sikumsemesha, na kila mahali pa kugeuza gari nilipatazama. Uwanjani walikimbia, wakapimwa, wakafungua midomo kama ng'ombe mnadani, na sisi wazazi tukasimama nje ya ua tukichomwa na jua. Walipomwita jina miongoni mwa waliochukuliwa nilipiga ngemi, vigelegele vya kwetu, mpaka watu wakageuka, huku machozi ya hasira yananitiririka hadi kidevuni.

Nilirudi peke yangu. Baba alikuwa amesimama kwa geti.

"Wamemchukua?"

"Wamemchukua!" nikampigia kelele sikioni.

Akanifungulia geti. Kisha akauliza, "Ile ya watu kuingia kwa kichaka na mbuzi. Umemkumbusha?"

"Anajua, Baba. Alikuwa pale."

"Akipiga simu," akasema, "mwambie tena."