Niliulizwa maana ya mzinga, sikuulizwa marehemu alisema nini

Admin, jina langu liache pembeni, na majina niliyoyataja humu nimeyabadilisha. Mimi ni mzee wa miaka themanini na miwili, mwalimu mstaafu, naishi Itetemia hapa Tabora. Figo zimechoka na daktari hanifichi kitu. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa kijana, nafundisha shule moja kandokando ya ile njia ya zamani ya misafara. Operesheni ilipofika kwetu, nilichukuliwa niongozane na maofisa wake kwa sababu nilikuwa msomi na watu walinisikiliza. Niseme ukweli, niliupenda ujamaa kwa moyo wote. Kilichonichefua ni namna tulivyowapakia watu kwenye lori pamoja na kuku na vyungu vyao.

Kwa Masanja, mrina asali, mambo yalianza kwa utani. Alisimama mlangoni, shoka begani, akamuuliza askari tuliyekuwa naye, kijana mgeni kutoka pwani:

"Afande, watu mmewapangia nyumba kwenye mstari. Na nyuki wangu je? Nao watapanga mstari?"

Watu walicheka mpaka wengine wakaweka mizigo chini. Askari hakucheka. Asubuhi hiyo, kijiji cha jirani, alikuwa amerushiwa mawe, na sasa anachekwa na wanawake. Akamwambia, "Panda lori, mzee, maneno yako yatakuponza."

Masanja akazunguka nyuma ya nyumba. Tukamfuata wawili tu, askari na mimi. Akageuka, akasema kwa Kiswahili kizuri tu, "Afande, subiri kidogo nishushe mzinga wangu mmoja, ule pale." Akaonyesha kwa kidevu juu ya myombo. Askari aliinua macho akautazama ule mti. Nilimwona. Masanja akatupa mgongo, akaenda haraka kuelekea kwenye mti. Risasi ikampata mgongoni.

Mbele ya hakimu, askari alieleza kwamba marehemu alisema, "Subiri nichukue mzinga," naye akaelewa kuwa anakimbilia bunduki. Wanakijiji wakapiga kelele kwamba ni mwuaji, anyongwe, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo nyuma ya nyumba. Wakubwa nao walitaka jambo liishe kabla ya mvua. Pande zote mbili zilikuwa na hukumu mfukoni, na hakuna aliyehitaji ushahidi. Kabla sijaingia kutoa wangu, mkuu wa operesheni alinishika bega. "Mwalimu, wewe msomi. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa."

Hakimu akaniuliza, "Mzinga ni nini?"

Nikasimama kama niko darasani. Nikaeleza kwamba neno hilo lina maana mbili: kwetu ni gogo lililochongwa ili nyuki waishi humo, na pia ni silaha kubwa ya baruti. Akauliza kama mgeni anaweza kuchanganya. Nikajibu, "Anaweza, mheshimiwa." Nikaulizwa kama marehemu alikuwa na shoka. Nikasema alikuwa nalo, na ni kweli. Hakimu akanishukuru kwa ufafanuzi, nami nikaona raha. Raha, ndugu zangu, na mtu yuko kaburini!

Mzee wa watu alisema "nishushe". Bunduki haishushwi kutoka mtini. Neno hilo moja lingemlazimisha hakimu kuuliza mengine: askari alitazama wapi, aliogopa au alikasirika? Sikusema uongo hata kidogo. Hicho ndicho kinachonitia kichefuchefu. Ningekuwa nimedanganya, ningejiita mwongo yakaisha. Mimi nilijibu maswali vizuri.

Askari aliachiwa. Tangu hapo nasifiwa kuwa mwalimu asiyependelea upande, na kila nikisifiwa nasikia harufu ya nyama iliyooza.

Sasa yamenifika. Kalunde, binti wa Masanja, amekuja kunitazama na chupa ya asali. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Yule askari naye amezeeka. Ametuma watu kuomba msamaha. Jumamosi tunamkaribisha nyumbani, tule naye. Nataka usimame uwaeleze wajukuu habari ya lile neno. Mama alitaka kaka zangu walipe kisasi. Wewe ndiye uliyetuambia ni bahati mbaya ya lugha. Ulituponya, mwalimu."

Alipoondoka nilitapika. Watu wa nyumbani wakadhani ni figo.

Juzi askari mwenyewe akanipigia simu. Sauti imekauka kama yangu. Nilikuwa tayari kumchukia, lakini akasema, "Mwalimu, mimi mpaka leo nasikia 'nichukue'. Usiku na mchana nasikia hivyo. Wewe ulisikia nini?"

Miaka yote hii, yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza. Nikamjibu, "Nilisikia mzinga." Akashusha pumzi, akanishukuru, kama hakimu alivyonishukuru.

Moyo wake siujui. Pengine hofu ilimziba masikio kweli, pengine amejidanganya mpaka akaamini. Hilo sina haki ya kulihukumu. Ninachokijua ni nilichosikia na nilichoona. Nikikisema Jumamosi, wajukuu wa Masanja watamtazama mgeni wao kwa jicho jingine, na Kalunde atajua kwamba msamaha wake aliujenga juu ya maneno yangu. Nikinyamaza, nitakula pilau lao na kuzikwa kwa sifa nisizostahili.

Ile asali ipo mezani, sijaifungua. Nishaurini, lakini msinipe pole, maana pole siitaki. Nikisimama mbele ya Kalunde, nitamke kitenzi gani?